UGORO WA NYUMBANI: Kwa nini mama zetu huuchanganya wenyewe?



Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya kitu kidogo kinachofungwa kwenye pindo la kanga, kinacholala chini ya mto, na mara nyingine huingia nasi hata kanisani. Hatusemi juu ya pesa. Twasema juu ya ugoro.

Sisi tunaoandika ni wauguzi na akina mama wa kujitolea wa kanisa, hapa Morogoro. Mara kwa mara hupanda milima ya Uluguru, tukipima presha za wazee na uzito wa watoto, na kuzungumza na wajawazito. Siku moja tulikuwa katika kijiji kimoja upande wa Matombo. Tulifundisha kwa saa nzima juu ya madhara ya tumbaku. Akina mama walisikiliza kwa adabu, wakaitikia, wakatushukuru kwa vigelegele.

Kisha tukakaribishwa chakula kwa bibi mmoja. Tulipokwisha kunawa, bibi alitoa kikopo cha zamani cha mafuta ya kujipaka, akabana ugoro kwa vidole viwili, akauweka ndani ya mdomo wa chini. Halafu akamwita mjukuu wake, naye akampa kidogo. Mjukuu huyo alikuwa na mimba ya miezi sita.

"Humtuliza kichefuchefu," bibi alitueleza bila wasiwasi wowote.

Kadi ya kliniki ya binti huyo tulikuwa tumeisoma asubuhi ile ile. Mbele ya swali la sigara alikuwa amejibu kwamba havuti. Wala hakusema uongo. Hakuna aliyemwuliza juu ya ugoro.

Mmoja wetu alipojaribu kumwonya bibi, alijibiwa hivi: "Sikieni wajukuu zangu. Sigara ni ya wahuni. Huu nimeusaga mimi mwenyewe, naujua ulivyo."

Tulirudi mjini jioni ile tukiwa na aibu. Tulikuwa tumefundisha saa nzima bila kuuliza swali hata moja. Tukaamua kwamba safari nyingine tutakwenda kuuliza kwanza: Kwa nini mnautengeneza wenyewe?

SABABU TULIZOAMBIWA

Kwanza ni gharama. Mche michache ya tumbaku nyuma ya nyumba, au msokoto mmoja wa majani makavu kutoka sokoni, humtosha mtu kwa muda mrefu. Mama anayehesabu shilingi ya chumvi na ya sabuni hawezi kununua sigara kila siku.

Pili ni ukali. Kila mtu ana kipimo chake. Mmoja huukaanga zaidi, mwingine huzidisha magadi, mwingine hutumia majivu. Katika vijiji vinavyolima viungo, kama Kinole na Tegetero, wapo wanaotia karafuu au pilipili manga ili unukie. Ugoro wa dukani, walituambia, "hauna nguvu," au "una nguvu ya kutapisha."

Tatu ni kutokuamini cha dukani. "Nani anajua wamechanganya nini?" aliuliza mama mmoja. Cha nyumbani amekiona tangu kilipokuwa jani.

Nne ni urithi. Uluguruni ukoo hufuata upande wa mama, na mambo mengi ya nyumbani hutoka kwa bibi kwenda kwa binti hadi kwa mjukuu. Jiwe la kusagia ugoro nalo hurithiwa. Kumpa mtu ugoro wako ni kumkaribisha. Kuukataa huonekana kama dharau.

Tano ni siri. Moshi husema hadharani, lakini ugoro hukaa kimya. Mama wa kanisa ambaye asingethubutu kushika sigara anaweza kubwia akiwa kwaya.

Sita ni dawa. Tuliambiwa unatuliza jino, unaondoa mafua, unaleta joto kwenye baridi ya Mgeta, unazuia njaa kwa mama anayeteremka na mzigo wa ndizi kichwani kabla ya jua kuchomoza. Na hapa, wapenzi wasomaji, tusiwacheke. Nikotini, ile sumu iliyomo katika tumbaku, kweli hupunguza hamu ya kula, na kweli humchangamsha mtu kwa muda mfupi. Mama huyo hakudanganyika juu ya anachokisikia. Amedanganyika juu ya bei yake.

VIJANA WA MJINI NAO

Baada ya safari ile tulizungumza na kijana mmoja wa chuo hapa mjini anayetumia sigara ya umeme. Hii ni chombo kidogo chenye betri, kinachochemsha maji maalumu yenye nikotini hadi yawe mvuke wa kuvutwa. Kijana huyo alituambia kwamba wapo wanaojichanganyia maji hayo nyumbani. Tulimwuliza sababu, naye akatujibu: ni rahisi kwa bei, unachagua ladha na ukali uutakao, na unajua umeweka nini.

Tulitazamana. Alikuwa amerudia maneno ya bibi, karibu neno kwa neno!

Jambo hili liko pia ng'ambo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2016 sheria haikubali maji hayo yauzwe yakiwa na nikotini inayozidi miligramu 20 kwa mililita moja, na wapo wanaojichanganyia nyumbani. Hatari yake ni kwamba nikotini isiyochujuliwa ni sumu kali, inayopenya hata ngozi. Kosa dogo la kipimo si dogo tena. Tena mwaka 2019 Marekani ilipatwa na ugonjwa wa mapafu uliotokana na mivuke ya namna hii. Hadi Februari 2020 watu zaidi ya 2,800 walikuwa wamelazwa na 68 wamefariki. Wengi wao walikuwa wametumia vichupa vyenye kiini cha bangi, vingi vikiwa vya kupeana au vya kununua mitaani. Vingi vya vichupa hivyo vilichanganywa na mafuta ya vitamini E, kitu ambacho watu hula na kujipaka bila madhara. Kikiingia mapafuni ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo fundisho ni moja, kwa bibi na kwa kijana: kujua ulichokiweka si kujua kitakachokufanyia.

KINACHOTENDEKA NDANI YA KIKOPO

Akina mama wote tunajua kazi ya magadi jikoni. Maharage magumu ukiyatia magadi huiva upesi. Katika ugoro magadi, au majivu, yana kazi nyingine: huifungua nikotini iliyofungwa ndani ya tumbaku, ili ipenye upesi kwenye ngozi laini ya mdomo au ya pua na kuingia katika damu. Ndiyo maana ugoro wenye magadi mengi "hukamata." Wazee waligundua jambo hili bila kusoma kemia. Lakini kadiri unavyokamata ndivyo unavyozidi kumfunga mtu, hata asiweze kuamka bila kuutafuta.

Na si nikotini peke yake. Katika tumbaku mna kemikali zinazosababisha saratani, ambazo hazitoki kwa kukaanga wala kwa kusaga nyumbani. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wamekwisha kuthibitisha kwamba tumbaku isiyovutwa, yaani ya kubwia, kutafuna na kunusa, husababisha saratani ya mdomo, ya koo la chakula na ya kongosho. Kukosekana kwa moshi hakumaanishi kukosekana kwa madhara.

Kwa mjamzito nikotini huvuka hadi kwa mtoto aliye tumboni. Hubana mishipa ya damu, na mtoto hupata chakula na hewa pungufu. Anaweza kuzaliwa kabla ya wakati, kuzaliwa na uzito mdogo, au kuzaliwa amekufa.

Kuna na hatari ya kazi yenyewe. Tumeona akina mama wakitwanga tumbaku na mtoto mchanga mgongoni. Vumbi lile analivuta yeye pia. Na mtoto anayetambaa akifikia kikopo, kiasi kidogo tu akimeza kinaweza kumletea kutapika, kutoka jasho, kulegea, hata degedege.

TULIVYORUDI KWA BIBI

Tulirudi baada ya wiki tatu. Safari hii hatukubeba somo. Tulikaa na bibi jikoni, tukamsaidia kumenya ndizi, tukamweleza juu ya magadi na mtoto aliye tumboni. Alisikiliza kimya. Kisha akasema, "Mimi nilizaa watoto tisa nikibwia." Tulimwuliza kwa upole, "Bibi, wako wangapi?" Alitazama moto muda mrefu. "Watano," akasema.

Hatukumwambia kwamba wale wanne walikufa kwa ugoro. Hatujui, wala hakuna ajuaye. Enzi hizo malaria na surua zilichukua wengi. Tulimwambia tu kwamba huyu wa sasa bado tunaweza kumsaidia. Bibi alimwita mjukuu, akamwambia mbele yetu kwamba hatampa tena mpaka atakapojifungua na kumaliza kunyonyesha. Kwa kuwa katazo lilitoka kwa bibi, lilishika kuliko masomo yetu yote.

Kisha akatushangaza. Alikunja mdomo wake wa chini, akatuonyesha baka jeupe mahali anapoweka ugoro. Alikuwa amelificha tangu masika. Tuliteremka naye mjini hadi hospitali. Baka lilichunguzwa, na ikaonekana kwamba bado si saratani, ila awe analionyesha mara kwa mara, na kwamba akiacha ugoro linaweza kupungua. Wengine hawana bahati hiyo. Hufika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wakati kidonda kimekwisha kula shavu.

Binti alijifungua salama mtoto wa kike wa kilo 2.7. Bibi bado hajaacha. Amepunguza, tena kikopo amekipandisha darini, asikofika mtoto. Tunaendelea kumwombea na kumtembelea, wala hatuoni haya kusema kwamba kazi haijaisha.

TUFANYE NINI?

1. Tuulize vizuri. Sisi wauguzi, na ninyi wazee wa kanisa, tusiulize tu "Unavuta sigara?" Tuulize, "Unatumia tumbaku ya namna yoyote, pamoja na ugoro?" Tena tuulize kwa faragha, bila kukunja uso.

2. Mjamzito na anayenyonyesha aache mara moja. Kwa kichefuchefu ale kidogo kidogo mara nyingi, ajaribu chai ya tangawizi, na akitapika sana aende kliniki.

3. Anayetaka kuacha ajue kwamba siku tatu za kwanza kwa kawaida ndizo ngumu kuliko zote: kichwa kuuma, hasira, usingizi kupotea. Baada ya wiki chache hali hutulia. Hamu ikija haidumu. Anywe maji, atafune karanga au kipande cha mdalasini, ashike kazi ya mikono, amwite rafiki. Awe na mwenzake wa kuacha naye.

4. Jino linalouma lipelekwe kwa daktari wa meno. Ugoro huficha maumivu, hautibu jino.

5. Kikopo na chupa za maji ya sigara ya umeme viwekwe mbali na watoto. Mtoto akimeza, usimtapishe. Mfute mdomo, mkimbize hospitali, nenda na kikopo chenyewe.

6. Kidonda au baka la mdomoni lisilopona kwa wiki mbili lionyeshwe kwa mganga wa hospitali.

7. Tusiwatume watoto kununua tumbaku. Sheria ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku inakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watu wazima wapatao milioni 2.6 nchini mwetu, yaani 8.7 kwa mia, walikuwa wakitumia tumbaku. Kwa wanawake ni 3.2 kwa mia. Ni wachache, waweza kusema. Lakini wachache hao ni mama zetu, na mmoja wetu sisi tunaoandika amelelewa na mama aliyekuwa akibwia usiku taa ikizimwa, ili watoto wasimwone. Walimwona. Hakuna aliyewahi kumwuliza sababu.

Wapenzi, Mungu ametukabidhi miili hii tuitunze, na ametukabidhi wenzetu pia. Mwezi huu, kabla hujamkemea mama yako kwa kikopo chake, keti naye jikoni, menya naye ndizi, umwulize. Jibu atakalokupa ndilo mlango wa kumsaidia.

Mungu awabariki.