Mama Aliyeondolewa Titi Aulizwe kwa Maneno Gani?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia dalili za magonjwa na kinga zake. Safari hii tunaleta jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama, nalo ni namna ya kumwuliza mgonjwa hali yake baada ya matibabu. Tunachukua mfano wa mama mwenye saratani ya titi.

Ugonjwa huu si wa mbali. Mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa nao, na wapatao 670,000 walifariki. Hapa Tanzania ni saratani ya pili kwa wanawake, ikitanguliwa na ile ya mlango wa kizazi. Mgonjwa wa Tabora huenda akapewa rufaa ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Mara nyingi operesheni huondoa titi zima.

Zipo hospitali ambako titi linaweza kutengenezwa upya kwa nyama na ngozi ya mgongoni au tumboni, au kwa mfuko wa silikoni. Akina mama wengi wa kwetu hawaipati huduma hiyo, nao hujaza kitambaa ndani ya sidiria. Daktari atapima kidonda na damu. Lakini nani atapima kama mama huyu anaweza kuinua ndoo ya maji, kuoga mbele ya wenzake, kucheza ngoma arusini au kukaa na mumewe bila kujificha?

Fomu yenye maswali

Kwa kazi hiyo wataalamu hutumia hojaji, yaani fomu ya maswali ambayo mgonjwa hujibu mwenyewe. Mojawapo inaitwa BREAST-Q, iliyotolewa mwaka 2009 na Andrea Pusic, Anne Klassen na Stefan Cano. Humwuliza mama anavyojiona kwenye kioo, nguo zinavyomkaa, maumivu yake, na utulivu wake wa moyo na wa ndoa. Majibu hupewa alama, hata madaktari waweze kulinganisha operesheni moja na nyingine.

Fomu kama hizi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, na hapo ndipo penye shida. Hojaji nyingine maarufu, SF-36, katika Kiingereza chake humwuliza mtu kama anaweza kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu. Mama wa Sikonge atajibu nini? Toleo lake la Kiswahili lilijaribiwa kwa watu wa Dar es Salaam, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999.

Kiswahili kilifika kwetu kwa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Wamisionari wa Afrika walipofika Tabora mwaka 1878 walikikuta tayari. Hata hivyo, bibi wengi wa vijijini hulia na kusali kwa Kinyamwezi. Kiswahili cha ofisini si lazima kiwafikie.

Tazama neno "kifua". Kwa heshima, wengi wetu hulitumia badala ya "titi". Lakini ukimwuliza mgonjwa, "Kifua kinakusumbua?", atakuambia kuwa hakohoi. Au mwulize, "Umeridhika?" Mama Mkristo atajibu, "Tunamshukuru Mungu." Hiyo ni shukrani njema, wala si kipimo. Pia tumezoea kusema, "Nzuri, ila naumwa." Fomu ikiishia kwenye "nzuri", ile "ila" yenye ugonjwa wote inapotea.

Kazi ya kutafsiri

Ndiyo maana kazi hii haiachiwi mtu mmoja mwenye kamusi. Watafsiri wawili hufanya kazi kila mmoja peke yake, kisha matoleo yao huunganishwa. Mwingine, ambaye hajaiona fomu ya asili, huirudisha tafsiri katika Kiingereza ili ionekane maana ilipopotoka. Halafu wagonjwa wachache husomewa na kuulizwa: "Umeelewa nini? Neno gani limekukwaza?" Hapo mama asiyejua kusoma ndiye mwalimu, na msomi hukaa kimya.

Baadaye fomu hupimwa kwa wagonjwa wengi. Wakulima wetu wa tumbaku na warina asali wanaelewa jambo hili vizuri: mizani isiyokaguliwa humwibia mtu jasho lake. Mgonjwa ambaye hali yake haijabadilika akiulizwa tena baada ya wiki mbili, majibu yake yafanane na ya kwanza. Mwenye maumivu makali apate alama tofauti na aliyepona. Fomu isiyoweza hayo itamwonyesha mama kuwa mzima huku anateseka, na hakuna atakayemsaidia.

Wajibu wetu

Kina mama, mkipewa fomu ya namna hii, ulizeni kwanza ni ya nini, na majibu yatasomwa na nani. Mna haki ya kukataa, na matibabu yenu yasipungue kwa sababu hiyo. Mkikubali, semeni ukweli. Hakuna jibu la kumpendeza daktari. Mnaweza kuomba msomewe na muuguzi mwanamke, mahali pa faragha.

Kina baba, msimjibie mke wenu. Mpelekeni hospitali mapema aonapo uvimbe, kubonyea kwa ngozi au chuchu kutoa damu. Hofu ya kuachwa isimfanye mama afiche ugonjwa hadi uchelewe kutibika.

Wanajumuiya na WAWATA, mkimtembelea mgonjwa msiishie kwenye "Hujambo?" Mwulizeni kwa lugha anayoiwaza: analala? anakula? analia? Kisha mpeni nafasi ya kujibu.

Tarehe 5 Februari tunamkumbuka Mtakatifu Agatha, bikira na shahidi, mwombezi wa wenye magonjwa ya matiti. Tumwombe awasimamie mama zetu, nasi tujifunze kuwasikiliza. Mungu awabariki.