Laminesheni: Muulize Fundi Kuhusu Gundi

Ukipeleka picha stesheneri, iwe Katesh au Gitting hapa wilayani Hanang, fundi huuliza kwanza unene wa mfuko wa plastiki. Unene hupimwa kwa maikroni, na maikroni 1,000 ni milimita moja. Mfuko wa 80 ni mwepesi, wa 125 unatosha picha nyingi, wa 250 unakuwa mgumu kama kadi ya benki. Namba hiyo ni ya upande mmoja, kwa hiyo picha iliyovikwa 125 imeongezewa robo milimita.

Mimi ningependa mteja aanze na gundi. Mfuko wa laminesheni ya moto una poliesta nje, na ndani gundi kavu isiyonata mpaka ipate joto. Mashine ikipita nyuzijoto 100, gundi huyeyuka, huingia kwenye karatasi, na ikipoa imeshika jumla. Joto likipungua, picha hutoka na ukungu mweupe. Likizidi, plastiki hujikunja mawimbi. Laminesheni ya baridi hutumia gundi inayoshika kwa kubanwa tu, nayo ndiyo salama kwa picha za studio na zile za printa ya wino. Hizi za wino zipumzike siku nzima kwanza, la sivyo unyevu wa wino hufungiwa ndani. Na usithubutu kupitisha risiti ya dukani ya EFD kwenye mashine ya moto: karatasi yake huandikwa kwa joto, kwa hiyo itatoka nyeusi tii.

Ukingo ni ile plastiki tupu inayoizunguka picha. Wengi huomba ikatwe yote ili picha ipendeze. Kwa baridi na masika ya huku chini ya Mlima Hanang, naomba ibaki walau milimita tatu, maana ukikata hadi kwenye karatasi, unyevu hupata mlango na pembe huanza kuachia.

Kubandika picha kwenye ubao ni kazi nyingine. Gundi ya maji hulowesha karatasi, nayo ikikauka huvuta ubao ukapinda. Mafundi wazuri hubandika karatasi na upande wa nyuma ili mivuto ilingane. Kwenye fremu, picha ishikwe juu tu, pembe mbili, ipate kutanuka na kusinyaa. Isiguse kioo. Nimeona picha za harusi zilizoganda kwenye kioo kwa unyevu, na ukizivuta, sura inabaki kwenye kioo.

Tangu maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 yaliposhuka kutoka mlimani hadi Katesh na Gendabi, naelewa kabisa kwa nini mtu anataka kila cheti kiingie plastiki. Lakini gundi ya moto haibanduki bila kuharibu karatasi. Nchini Marekani, mhifadhi nyaraka William Barrow alieneza tangu miaka ya 1930 ufundi wa kuvika nyaraka plastiki kwa joto, na baadaye watunza nyaraka waliuacha. Picha pekee ya babu, au cheti chenye muhuri wa kubonyea, kitolewe nakala, nakala ndiyo ilaminetiwe. Halisi iwekwe kwenye bahasha angavu ya poliesta isiyo na gundi. Bahasha laini zenye harufu kali ya plastiki ziache dukani; hunata kwenye picha.