Kifaranga na Saa Zake za Mwanzo

Wanachama wengi hufuga kuku wa nyama baina ya msimu na msimu wa karafuu, na malalamiko ni yale yale: kundi lililonunuliwa siku moja halikui sawa, wengine wanono, wengine wamedumaa na kuhara. Lawama hutupiwa mbegu. Aghlabu kisa ni saa zilizopita kabla kifaranga hajala chakula chake cha kwanza.

Tuwatazame jirani zetu wa ng'ambo, wafugaji wa Tongoni, kiasi ya kilomita 17 kusini ya Tanga, penye msikiti na makaburi ya kale. Anayeagiza vifaranga Dar es Salaam, boksi lake husafiri kiasi ya kilomita 350 mpaka Tanga mjini, ndipo lishike njia ya Pangani. Hiyo ni safari tu. Katika mashine mayai hayaanguliwi pamoja. Baina ya kifaranga wa kwanza na wa mwisho huweza kupita siku nzima, na wote hungoja kutolewa, kuhesabiwa na kuchanjwa. Basi huyo aitwaye wa siku moja huenda akafika Tongoni ana saa 40 hajala wala hajanywa. Sisi wa visiwani tuongeze na bahari.

Wako wasemao hana neno, amebeba kiini tumboni. Ni kweli kiini hicho, kiasi ya sehemu moja katika kumi ya uzani wake, humweka hai siku mbili tatu. Lakini si masurufu ya njiani tu. Kina kinga aliyorithi kwa mama yake, na mafuta ya kuujenga mwili. Tena wataalamu wamepima wakaona ajabu: kifaranga aliyelishwa mapema humaliza kiini upesi kuliko aliyekaa na njaa, maana chakula kikipita ndipo matumbo yanapoamka. Wiki ya kwanza utumbo hukua kwa kasi kuliko mwili mzima, na ndani yake huota vijidole vidogo mno vya kufyonza chakula. Vikidumaa wakati huo, chakula ghali cha baadaye kingi hupita kikatoka.

Kuku wa kienyeji huwachukua wanawe jaani, nao kwa kudonoa nyuma ya mama hupata vijidudu vyema vya tumboni. Wa mashine hana mama. Mwaka 1973, Nurmi na Rantala wa Finland walionyesha kuwa vifaranga waliopewa vijidudu vya tumbo la kuku mzima waliweza kuizuia salmonela. Kwa hiyo desturi ya kutia antibayotiki katika maji ya siku ya kwanza, hali kifaranga haumwi, hatuisifu hata kidogo. Huua rafiki pamoja na adui. Dawa ni ya mgonjwa, kwa agizo la daktari wa mifugo.

Bruda iwashwe kabla boksi halijafika, hata maranda yapate moto, kadiri ya digrii 32 au 33. Mguu wa kifaranga uwekwe shavuni. Ukiwa wa baridi, atajikunyata na wenziwe asiende kula. Maji safi na chenga za chakula cha kuanzia viwe tayari, nyingine zimwagwe juu ya karatasi, na taa isizimwe usiku wa kwanza. Mahindi yenye ukungu yaepukwe, hata yakiwa rahisi. Baada ya saa 24, shika vifaranga 20 upapase gole, mfuko ule wa chini ya shingo: 19 wawe limejaa na ni laini. Likiwa gumu, maji hayakuwatosha. Siku ya 7, aliyekuja na gramu 40 awe amefika 160 au zaidi.

Na karafuu je? Mafuta ya makonyo, kama yatolewayo kiwandani Wawi, Pemba, yana eugenoli kwa wingi, nayo huua vijidudu kadhaa. Tangu Umoja wa Ulaya upige marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo mwaka 2006, mafuta ya namna hii yamezidi kutafutwa kwa chakula cha kuku, kwa vipimo vidogo sana. Matokeo hayalingani baina ya jaribio na jaribio, na yakizidi, chakula huwachukiza vifaranga. Matone ya kukisia yasitiwe katika maji yao.