Wachimba migodi walivyojitengenezea filamu

Wengi wetu filamu ya kwanza tuliyoiona ilikuja na gari. Gari la sinema liliegeshwa uwanjani karibu na laini, shuka jeupe likatundikwa, jenereta ikanguruma, na mtu mwenye kipaza sauti akatutafsiria maneno. Tulicheka, tukashangaa, tukaenda kulala. Hatukuuliza ni nani walioitengeneza picha ile, wala kwa nini mfanyakazi ndani yake alikuwa mtu wa kupita nyuma tu akibeba mzigo.

Safari hii twataka kuwasimulia filamu moja ambayo wafanyakazi walisimama mbele ya kamera, na wenzao ndio waliolinda njia ili kazi iendelee. Ilipigwa mwaka 1953 katika wilaya ya Grant, jimbo la New Mexico, kusini-magharibi mwa Marekani. Jina lake ni Salt of the Earth, yaani Chumvi ya Dunia.

Kwanza mgomo wenyewe. Mwezi wa Oktoba 1950 wachimbaji wa kampuni ya Empire Zinc, mahali paitwapo Hanover, waliweka zana chini. Wengi wao walikuwa Wamarekani wenye asili ya Mexico. Walitaka walipwe kwa muda wote wanaokuwa mgodini, si ule wa kuchimba tu. Walitaka sikukuu zenye malipo. Na walitaka ubaguzi ukome, kwa kuwa nyumba za wafanyakazi wazungu zilikuwa na maji ya bomba ndani, hali mama wa Kimeksiko alichanja kuni na kuchemsha maji kila siku ya Mungu. Msomaji anayekaa katika laini za chai au za miwa hahitaji kuelezwa zaidi.

Juni 1951 korti ikatoa amri kwamba wachimbaji wasizuie lango la mgodi. Wakikaidi watafungwa, wakitii, wavunja mgomo wataingia kazini asubuhi ile ile. Kukawa na mkutano mrefu. Wanawake wakasema: amri imetaja wachimbaji, haikututaja sisi. Wanaume wengi hawakupendezwa, lakini kura zilipigwa, wanawake nao wakapiga, na kesho yake wao ndio walioshika lango. Walipigwa kwa moshi wa machozi. Makumi yao walitiwa ndani kwa siku moja pamoja na watoto wao. Waume walibaki nyumbani na nguo za kufua. Mgomo ulikwisha Januari 1952, baada ya miezi kumi na mitano.

Habari hizi zilimfikia Paul Jarrico, mtu wa sinema, alipokuwa mapumzikoni katika jimbo hilo hilo. Jarrico alikuwa amefukuzwa kazi Hollywood. Wakati ule kamati ya Bunge la Marekani iliwasaka Wakomunisti katika kazi ya filamu, na aliyekataa kujibu maswali yake hakuajiriwa tena. Mwongozaji Herbert Biberman alikuwa amekwisha kwenda jela mwaka 1950 kwa kukataa. Mwandishi Michael Wilson naye alikuwa katika orodha hiyo. Na chama cha wachimbaji chenyewe, Mine, Mill and Smelter Workers, kilikuwa kimefukuzwa katika shirikisho la CIO mwaka 1950 kwa shutuma za namna hiyo hiyo. Basi waliofukuzwa walikutana na waliofukuzwa.

Wilson alikwenda Grant mgomo ukiwa bado moto. Alikaa na watu, akasikiliza, akarudi kwake kuandika, kisha akafanya jambo ambalo waandishi wa Hollywood hawakuwa na desturi nalo: alirudi na karatasi zake akawasomea wachimbaji na wake zao. Kabla ya kamera kuwashwa, watu wapatao 400 walikuwa wameyasoma maandishi yale au kuyasikia yakisomwa. Nao hawakukaa kimya. Ramón, yule mchimbaji katika hadithi, mwanzoni aliandikiwa kuwa na mwanamke wa nje, na mahali pengine alinunua wiski kwa mshahara wake wa mwisho. Wasikilizaji wakasema hapana. Kwa muda mrefu, walisema, sinema za Marekani zimewaonyesha Wameksiko kuwa walevi na wazinzi. Hii yetu isiwe ya namna hiyo. Vipande hivyo vikaondolewa. Sisi, tukisema kweli, hatuna hakika kama tungeviondoa, kwa sababu mshahara unaoishia kilabuni twaujua sote. Lakini picha ilikuwa ya kwao, na neno la mwisho lilikuwa lao.

Kisha wakatafuta wachezaji. Waliozoea kazi hiyo walikuwa watano tu. Aliyecheza kama Esperanza, mke wa Ramón, ni Rosaura Revueltas, mwigizaji kutoka Mexico. Will Geer, naye wa orodha ya waliofungiwa kazi, alikuwa sherifu. Wengine wote ni watu wa pale pale. Ramón hakupatikana upesi. Biberman alimtazama Juan Chacón, mchimbaji aliyekuwa mwenyekiti wa tawi namba 890 la chama, akaona ni mpole mno, hatafaa. Revueltas na shemeji wa mwongozaji, Sonja Dahl Biberman, walimsihi sana mpaka akakubali. Ukiitazama filamu leo utaona walikuwa na haki. Chacón hachezi sana. Anatazama, na ndani ya macho yake mna mtu aliyekwisha kukaa katika mikutano mingi.

Hapa twafika kwenye jambo linalouma kuandikwa katika gazeti la chama. Jarrico aliomba mafundi kutoka chama cha wafanyakazi wa sinema, IATSE. Viongozi wa chama hicho wakakataa kabisa. Maana yake, mtu wa taa au wa sauti aliyekwenda New Mexico alikwenda kinyume cha chama chake. Kikosi kikaokotezwa: waliofungiwa kazi, waliozoea filamu ndogo za habari, na watu Weusi ambao mlango wa ufundi huo Hollywood ulikuwa mgumu kwao. Ikawa filamu ya chama kimoja ikizuiwa na chama kingine.

Kazi ilianza Januari 1953, wakati wa baridi. Ardhi ya kampuni hawakuweza kuigusa, ikabidi kutumia ardhi ya mtu mwingine na kujenga huko baadhi ya mandhari. Wanawake walisimama tena mstarini, safari hii kwa ajili ya kamera, wakipita mbele ya lango la kuigiza na kurudia hatua zile zile walizozipita kweli miezi kumi na nane kabla. Wanaume waliigiza namna walivyofua na kuanika nguo, na hilo wengine waliliona gumu kuliko kupigana na wavunja mgomo.

Mwezi wa Februari mambo yakachacha. Magazeti yalipiga kelele, na mbunge Donald Jackson akasimama katika Bunge kule Washington kuishutumu filamu ambayo bado haijakwisha kupigwa. Siku moja baada ya hotuba ile, maofisa wa uhamiaji walimkamata Revueltas. Walisema pasipoti yake haikugongwa mhuri alipoingia nchini. Akapelekwa El Paso, akawekwa chini ya ulinzi, na mwezi wa Machi akarudi kwao Mexico.

Mchezaji mkuu ameondoka, na picha hazijakwisha! Kikosi kikafanya kama fundi wa kijijini aliyekosa spea. Mwanamke mwingine akapigwa picha kwa mgongo, kwa mbali, uso usionekane. Sehemu nyingine alipigwa Revueltas mwenyewe baadaye, kwao Mexico, na sauti yake ya kusimulia ikarekodiwa huko huko.

Vitisho vikaendelea. Ndege ndogo ilizunguka juu yao kuharibu sauti. Risasi zilipigwa kwenye gari la Clinton Jencks, mjumbe wa chama, ambaye naye alicheza ndani ya filamu. Kundi la wenyeji likatoa amri kikosi kiondoke wilayani, la sivyo kitatolewa ndani ya masanduku meusi. Wachimbaji wakazunguka usiku kulinda, na polisi wa jimbo wakaja kukaa kati. Kikosi kilimaliza kwa haraka na kuondoka wiki ya kwanza ya Machi. Nyumba ya mwanachama mmoja ikachomwa moto.

Na wakati huo wote walipiga picha kama vipofu. Kwa desturi kikosi hutazama kazi ya jana ili kujua kama iko sawa. Maabara ilikuwa imekataa kusafisha filamu yao, kwa hiyo walirundika makopo na kutumaini. Naye tajiri Howard Hughes, mwenye studio ya RKO, aliandika barua akieleza hatua kwa hatua namna ya kuiua filamu: maabara zisisafishe, wenye mitambo ya sauti wasisaidie. Kuikata na kuiunganisha kulifanyika kwa siri, kwa kuhama mahali hadi mahali. Pamoja ilikuwa choo cha wanawake katika jumba la sinema lililofungwa.

Ilionyeshwa kwanza New York, Machi 1954. Katika nchi yote ni kumbi kumi na kitu tu zilizothubutu, kwa sababu mafundi wa kuonyesha nao walikuwa katika IATSE. Mwaka huo huo tamasha la Karlovy Vary, Chekoslovakia, liliipa tuzo kuu. Wenye filamu waliwashtaki waliowazuia. Kesi ikavutwa mpaka mwaka 1964, wakashindwa. Revueltas hakufanya tena filamu Marekani. Chacón alibaki mgodini na chamani. Mwaka 1992 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza filamu hii katika orodha ya zile zinazohifadhiwa kwa taifa.

Ina makosa yake. Mabwana wa kampuni wamechorwa kama vikaragosi, na baadhi ya maneno yanasikika kama yamekaririwa. Lakini mle ndani mna Ramón aliyesimama kwenye kamba ya nguo, mikono imelowa, akianza kufahamu kwa nini mkewe alitaka maji ya moto yawe la kwanza katika madai ya mgomo.

Filamu ina urefu wa dakika 94, haina rangi, na maneno yake ni ya Kiingereza na Kihispania. Haki zake hazikuhuishwa Marekani, na nakala huonyeshwa bure. Tawi litakaloipata litafute mtu mwenye sauti nzuri asimame karibu na shuka awatafsirie wenzake, kama zamani. Na mkutano uwekwe saa ambayo akina mama wamemaliza kupika, au wanaume wapike siku hiyo.