Gari Lililolala Miaka 18 Haliamshwi kwa Kuvutwa

Leo tuache kidogo siasa na bei ya sukari, twende nyuma ya nyumba moja kule Mlangali, wilayani Ludewa, mahali ambapo mwezi wa Julai mtu huamka, akavaa koti, na bado akatetemeka. Nilikwenda huko kumaliza msiba wa mjomba wangu. Siku ya tatu, wazee wakiwa wamekaa kugawa nguo za marehemu, akaingia uani kijana mmoja mwenye mizani. Alikuwa mnunuzi wa chuma chakavu kutoka Makambako. Hakuyatazama masufuria wala majembe yaliyokatika. Alinyoosha kidole kwenye mti wa peasi, akasema, "Ile pale natoa laki saba."

"Ile pale" ni Land Rover 109 ya mwaka 1966, zile ambazo taa zake kubwa ziko karibu karibu kifuani, kabla hazijahamishiwa kwenye mabawa ya mbele. Mjomba aliinunua mnadani ikiwa imekwisha kuchoka, akabebea viazi, mbao, wagonjwa na maharusi. Ilipokorofisha breki aliiegesha chini ya mti ule "mpaka wiki ijayo". Wiki ile ilichukua miaka 18.

Binamu yangu mkubwa, mfanyabiashara wa mbao pale Njombe, alitaka iuzwe siku ile ile. Mdogo wake aliapa kuifufua. Mama yao, mke wa mjomba, alisema neno moja tu: kwamba gari hilo lilimfikisha hospitali usiku wa kumzaa huyo huyo anayetaka kuliuza.

Hapo ndugu wakanigeukia mimi, eti kwa kuwa husema redioni basi najua. Sikujua. Lakini niliuliza, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, kabla ya spana kuna karatasi. Kadi ya gari ilikuwa bado na jina la marehemu. Kwa sheria zetu gari la namna hiyo ni sehemu ya mirathi, na hakuna mtoto, awe wa kwanza au wa mwisho, mwenye mamlaka ya kuliuza mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Ajabu ni kwamba yule kijana wa mizani hakuuliza kadi kabisa. Na anayetaka kufufua naye ahakikishe kuwa namba zilizo kwenye kadi zinalingana na zilizo kwenye gari. Ya chesisi katika Land Rover hizi imegongwa kwenye chuma, mbele, upande wa kulia, karibu na springi. Isugue kwa brashi ya waya uisome. Na kama umepandikiza injini ya Kijapani, kama wengi walivyofanya, namba mpya iandikishwe, la sivyo askari wa kwanza barabarani atakuwa na mazungumzo marefu na wewe.

Jambo la pili lilitutia hasara. Jioni ile ile binamu mdogo aliazima trekta la jirani, akafunga mnyororo, akaingiza gia, akataka injini iwake kwa kuvutwa. Injini ilikuwa imeganda. Magurudumu ya nyuma yakakataa kuzunguka, yakaburuzika kwenye majani kama ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani, kisha tukasikia mlio mmoja mkavu. Shafti ya ndani ya ekseli ya nyuma ilikuwa imekatika kama muwa. Wenye Land Rover za zamani wataniambia kuwa shafti hizo ndizo udhaifu wake unaojulikana. Sisi hatukujua.

Kesho yake tukamwita mzee mmoja, dereva na fundi mstaafu. Tukampa shikamoo, akaitikia, akalizunguka gari mara mbili bila kusema neno. Kisha akamwambia binamu, "Mwanangu, mgonjwa wa miaka kumi na minane unamwamsha kwa teke?"

Mzee yule alitueleza kuwa kilometa haziliui gari kama kusimama kunavyoliua. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo hula silinda za breki kwa ndani hata kama gari halijasogea hatua moja. Petroli iliyolala hugeuka utomvu na kuziba kabureta. Ringi za pistoni hushikana na kuta za silinda kwa kutu. Sahani ya klachi hugandana na gurudumu la injini. Panya hujenga kwenye chujio la hewa, manyigu kwenye paipu ya moshi. Kwa hiyo anayeingiza betri mpya na kupiga starta siku ya kwanza anakwangua kutu, takataka na vyuma vikavu kwa pamoja. Injini nyingi zilizopona usingizi mrefu zimekufa asubuhi ya kuamshwa.

Mzee alianza na nyundo ndogo. Alilala chini, akawa anagonga chesisi pole pole kutoka mbele hadi nyuma huku akisikiliza. Chuma kizima hulia kama kengele, kilichooza hutoa sauti ya gunia. Hapa ndipo Land Rover inapodanganya watu, na nitakaa kidogo kwenye jambo hili.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha karibuni, chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza, basi watengenezaji wakaifanya bodi kwa aluminiamu. Aluminiamu haishiki kutu jekundu. Ndiyo maana utakuta gari la miaka 50 mabawa na milango yake bado imenyooka, ukaona ni zima. Lakini chesisi ni chuma cha kawaida, kimefungwa kama boksi, maji na tope huingia ndani na kukaa humo, nacho huoza kutoka ndani kwenda nje. Vivyo hivyo ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, aluminiamu yenyewe huliwa ikawa unga mweupe. Kwa hiyo rangi na bodi havikuambii kitu. Lala chini na nyundo.

Nikaelewa pia macho ya yule kijana wa mizani. Aluminiamu kwa kilo ni ghali kuliko chuma. Laki saba yake haikuwa huruma kwa wafiwa.

Ya kwetu ilionekana nzima, isipokuwa mtambuka wa nyuma, ambao nyundo ilipita. Huo utakatwa na kulehemiwa mwingine. Mzee alisisitiza kuwa chuma kipya kilehemiwe kwenye chuma kizima, kisibandikwe juu ya kidonda kama plasta.

Kisha injini. Alimwaga oili yote ya zamani, nyeusi na nzito kama asali ya nyuki wadogo, akaweka mpya. Akafungua plagi nne, akamimina katika kila tundu kikombe kidogo cha kahawa cha mchanganyiko wa oili na mafuta ya taa. Akafunika kwa kitambaa, akaenda zake kulala. Kila jioni alirudi akaongeza kidogo. Gari likiwa huru, bila gia, alichomeka hendeli mbele na kuisukuma taratibu, mbele na nyuma, bila kutumia nguvu za ujana. Siku ya tisa ikasogea robo mzunguko. Mke wa mjomba alipiga kigelegele, binamu mkubwa akajifanya anatazama simu.

Hata hapo haikuwashwa. Ilizungushwa kwa mkono, plagi zikiwa nje, mpaka oili ikapanda juu. Petroli ilitolewa kwenye kidumu safi kwa mpira, kwani tangi lilikuwa na kutu. Pointi zikasuguliwa. Na hapa tuliponea chupuchupu: binamu mdogo alikuwa ameshika waya wa betri tayari kuufunga kama tunavyofunga magari ya leo, hasi kwenye bodi. Land Rover za kabla ya 1967 hivi ni kinyume, chanya ndiyo inayokwenda kwenye bodi. Angefunga vile alivyotaka, jeneta na kidhibiti chake vingeweza kuungua.

Niseme neno juu ya spana. Gereji zetu zimejaa spana za milimita kwa sababu magari yetu ni ya Kijapani. Nati za gari hili ni za vipimo vya inchi. Spana isiyo yake huila nati ikawa duara, ndipo fundi huleta patasi na moto. Tafuta seti ya inchi kabla hujafungua kitu. Piga picha kwa simu kila unachokifungua, na bolti za kila sehemu ziweke katika kopo lake lenye jina. Gari lililofunguliwa lote kwa wiki moja ya shauku huishia kuwa rundo la vyuma, na mwenye mizani hurudi.

Na jeki si nguzo. Tulilipandisha juu ya magogo ya mkaratusi kabla ya mtu yeyote kuingia chini.

Kuna watakaouliza faida. Mimi sidhani kama ipo ya fedha. Gharama ya silinda za breki, paipu, matairi, wayaringi na kulehemu ikijumlishwa, laki saba itaonekana ndogo sana, na kipande cha barabara cha Lusitu hadi Mawengi, kilometa 50, kimekwisha kuwekwa zege, hata gari dogo linapita. Lakini Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover kwenye tamasha lake, nyingi za zamani kuliko madereva wake. Na Wapangwa wa wilaya hii waliyeyusha chuma na kufua majembe yao kabla gari halijafika huku. Kuuza chuma kilichofuliwa kwa bei ya udongo kungewashangaza.

Injini iliwaka mwezi wa pili, kwa moshi mwingi. Kilichobaki ni breki, mtambuka wa nyuma na ile shafti. Rangi mzee amekataa hata isitajwe. Nilipokwenda mara ya mwisho, yule kijana wa Makambako alikuwa amepita tena, sasa anatoa laki nane na nusu. Mzee alikuwa chini ya gari anatoa hewa kwenye breki na hakukuwa na mtu wa kukanyaga pedali. Mke wa mjomba akamwambia kijana aweke mizani chini, apande, akanyage.