Pikipiki ya stima: kilomita za tangazo si kilomita za Malaba



Wazee wa hapa Busia wanakumbuka jinsi kazi ya boda boda ilivyoanza. Miaka ya 1960 na 1970 vijana walibeba watu na mizigo kwa baiskeli kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na kile cha Uganda, wakiita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka. Jina likashika, likaenea Afrika Mashariki yote.

Mwenye baiskeli yule alijua jambo moja ambalo mwenye pikipiki ya mafuta amelisahau. Alijua kwa magoti yake kwamba upepo wa mbele, matope, kilima na gunia la mahindi vinakula nguvu. Mwenye petroli hasumbuki sana, maana ikimwishia njiani atatafuta hata ya chupa. Lakini sasa pikipiki za stima zimeingia Kenya, na vijana wanatuuliza: tukichukua mkopo tununue hizo, betri itatufikisha wapi? Swali hili ni la maana, kwa sababu siku ya kulipa mkopo haiulizi kama betri ilikuwa na chaji.

KILOMITA ZA TANGAZO

Kilomita zinazoandikwa kwenye tangazo huwa zimepimwa kweli, lakini mahali pengine na kwa namna nyingine. Tuchukue mfano wa gari. Nissan Leaf ya kwanza, iliyotoka mwisho wa mwaka 2010, ilikuwa na betri ya yuniti 24. Kipimo cha Japani kilisema itakwenda kilomita 200. Kipimo cha Ulaya kikasema 175. Kipimo cha Marekani kikasema 117. Gari ni la aina ile ile na betri ni ile ile! Tofauti ilikuwa ni namna ya kupima: mwendo, kusimamasimama, joto, baridi na kuwasha kipoza hewa. Na hakuna hata mmoja aliyepima akielekea Malaba wakati wa masika.

YUNITI NI ZILE ZA TOKENI

Yuniti tunazozitaja ni zile zile unazonunua kwa tokeni nyumbani. Tuseme betri ya pikipiki yako inabeba yuniti 3. Ukiwa peke yako, polepole, kwenye lami kavu, tuseme inakula yuniti 3 kwa kilomita 100. Basi utafika kilomita 100. Ukibeba mzigo na kukimbia, tuseme inakula yuniti 5 kwa kilomita 100. Sasa chaji inakwisha kwenye kilomita ya 60.

Kutoka Busia mjini hadi Malaba, ukipita Alupe, ni kama kilomita 30. Siku ile ya kwanza utakwenda na kurudi, na chaji ya kufanyia kazi jioni itabaki. Siku ya pili utarudi betri ikiwa tupu, na mama mjamzito akibisha mlango usiku, huwezi kumfikisha hospitali.

MAMBO YANAYOKULA CHAJI

1. Mwendo. Pikipiki inapokwenda, inasukuma hewa. Ukitoka mwendo wa kilomita 40 kwa saa hadi 60, hewa inakuzuia mara mbili na robo ya ilivyokuzuia mwanzo. Hata ule mwavuli mkubwa wa boda ni kama tanga, nao unakula chaji.

2. Kuchomoka na kufunga breki. Kila ukifunga breki, nguvu uliyoilipia inageuka joto na kupotea. Pikipiki nyingine hurudisha kiasi kwenye betri wakati wa kupunguza mwendo, lakini hazirudishi yote. Kwenye foleni ya malori, anayetambaa taratibu humshinda anayeruka na kusimama ghafla. Faida ni kwamba ukisimama tu, mota haili kitu, tofauti na injini ya mafuta inayonguruma bure.

3. Uzito. Pikipiki na mwendeshaji wake ni kama kilo 200. Ongeza abiria wa kilo 70 na gunia la kilo 90, umefika 360. Utaona tofauti hasa kwenye kilima, na kila unapoanza upya kuondoka.

4. Tairi na barabara. Tairi lenye upepo kidogo linabonyea na kuburutika. Pima upepo kila juma, haigharimu kitu kikubwa. Barabara ya udongo nayo hula zaidi kuliko lami.

5. Mvua. Kuanzia Machi hadi Mei tairi husukuma maji na matope, nawe unaanza na kusimama mara nyingi. Usitumie hesabu ya kiangazi wakati wa masika.

6. Baridi na joto. Baridi huilegeza betri. Mwaka 2020 chama cha wenye magari cha Norway kilijaribu magari 20 ya umeme wakati wa theluji. Kwa wastani yalipungukiwa na karibu sehemu moja kwa tano ya kilomita zilizotangazwa. Sisi hatuna theluji, lakini joto tunalo, nalo huzeesha betri. Mwaka 2012 wenye magari ya Leaf huko Arizona, jimbo la joto kali Marekani, walilalamika kwamba betri zao zilipungua nguvu mapema. Kwa hiyo egesha kivulini, na betri ikiwa moto iache ipoe kabla ya kuichaji. Na ukinunua iliyotumika, uliza imebaki na uwezo gani.

PIMA MWENYEWE KABLA YA KUTIA SAHIHI

Tunashauri vikundi vifanye hivi. Muombeni muuzaji pikipiki ya kujaribu. Ijazeni chaji, kisha fanyeni kazi ya kawaida: abiria wa kawaida, mzigo wa kawaida, njia zenu za kila siku. Andikeni kwenye daftari kilomita mlizofika chaji ilipobaki sehemu moja kwa tano. Hiyo iliyobaki ni ya dharura, msiihesabu. Rudieni siku ya mvua. Ile nambari ndogo kuliko zote ndiyo ya kupigia hesabu ya mkopo.

Kisha jiulizeni: kwa siku tunakwenda kilomita ngapi? Kama ni 120 na betri inawapa 50, mtachaji au kubadilisha betri zaidi ya mara mbili. Kituo kiko wapi? Stima ikipotea, itakuwaje? Betri ni mali yetu au ni ya kukodi? Ikichoka, nani anailipia?

Hatusemi msinunue. Pikipiki ya stima haina moshi, haina oili ya injini ya kubadilisha, na anayeiendesha kwa utulivu anaweza kuokoa fedha za karo. Lakini Bwana Yesu alisimulia habari za mtu aliyeanza kujenga mnara bila kupiga hesabu, akakwama katikati, watu wakamcheka. Sisi hatutaki kuwacheka vijana wetu. Tunataka wafike, na warudi nyumbani.