Akili ya Mwanafunzi Huonekana Wapi?

Kijana mpenzi, ni mara ngapi mwalimu amemaliza somo lake, akauliza kama mmeelewa, na darasa zima likaitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu"? Nawe uliitikia pamoja nao. Lakini moyoni ulijua wazi kwamba hukuelewa. Uliogopa kuchekwa. Ulitaka waone kwamba una akili.

Si vibaya kutaka kujulikana kuwa mwenye akili. Shida ni njia tunazozifuata. Wako wadhanio kwamba akili huonekana kwa maneno makubwa, au kwa kujibu kabla swali halijaisha, au kwa kumtega mwalimu ili aaibike. Wazee wetu waliwajua watu wa namna hiyo, wakasema: Debe tupu haliachi kuvuma. Mwalimu naye huwatambua upesi.

Hebu tumtazame mwanafunzi mmoja wa kwetu, Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakangoja yapoe, ndipo wakayaweka katika friji. Siku moja nafasi katika friji ilikuwa karibu kwisha. Mwenzake mmoja aliweka maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaweka yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda; ya mwenzake bado.

Alimwuliza mwalimu sababu yake. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Safari hii aliambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya watu wote. Wenzake wakalishika neno hilo. Akikosea hesabu, wakamwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Angalia sasa alivyofanya. Hakugombana na mwalimu, wala hakulitupa swali lake. Alikuwa amezungumza na rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga, akasikia kwamba naye huweka maziwa ya moto ili yagande upesi. Tena alipopata nafasi alijaribu mwenyewe kwa maji, katika maabara ya shule.

Ndipo Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipokuja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama, akauliza: ukichukua vyombo viwili vilivyo sawa, vyenye maji ya kiasi kimoja, kimoja kina joto la digrii 35 na kingine digrii 100, ukaviweka katika friji, yale ya digrii 100 huganda kwanza. Kwa nini?

Wenzake walicheka, wakaona amewatia aibu mbele ya mgeni. Lakini mgeni alimwuliza kama amejaribu kweli. Alipojibiwa ndiyo, hakuona haya kukiri kwamba yeye hajui sababu yake, akaahidi kwenda kujaribu. Majaribio yakafanywa Dar es Salaam, na maji ya moto yakaganda kwanza. Mwaka 1969 wote wawili waliandika habari hiyo katika jarida la kitaalamu. Leo jambo hilo hujulikana duniani kwa jina la Mpemba, ingawa wataalamu wangali wakibishana kama hutokea kweli, na kwa sababu gani.

Basi jifunze mambo matatu. Kwanza, uliza juu ya jambo ulilolihangaikia. Soma usiku huu somo la kesho, uandike mahali ulipokwama. Pili, uliza kwa maneno machache yaliyo wazi. Mpemba hakusema tu, "Sielewi." Alitaja vyombo, kiasi cha maji na joto lake, hata msikilizaji akaweza kwenda kupima. Tatu, vumilia kicheko, wala usikilipe kwa kiburi. Na mwenzio akiuliza, wewe usicheke; huenda swali lake ndilo lako uliloogopa kulitoa.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani msimwulize tu amekuwa wa ngapi. Mwulizeni pia, "Leo umeuliza nini?"

Bwana wetu alipokuwa na miaka 12, Mariamu na Yosefu walimkuta hekaluni kati ya waalimu. Alikuwa akiwasikiliza na kuwauliza maswali, na wote waliomsikia walistaajabia akili zake. Kama yeye hakuona haya kuuliza, wewe je?

Kesho mwalimu akiuliza kama mmeelewa, nawe hukuelewa, inua mkono.